Sikio kwenye barafu

Fishi ya joto, karatasi ya kuandikia joto la frigo la chanjo, ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa frigo kwa plasta ya hospitali. Imenyooka, safi, imejazwa kwa biki ya bluu. Asubuhi nyuzi 4, jioni nyuzi 5. Kesho yake asubuhi 5, jioni 4. Wiki tatu nzima namna hiyo, mwandiko mmoja, hakuna palipofutwa. Nilikuwa nimeshaanza kufurahi moyoni nilipotupa jicho kwenye saa yangu. Ilikuwa saa tano asubuhi, na kisanduku cha jioni cha siku ileile kilikuwa kimeshaandikwa 5.

Kituo hicho cha afya kiko magharibi ya Goma, ukishika barabara ya Sake. Muuguzi aliyejaza fishi ile alikuwa amekaa mstari wa mbele kwenye mafunzo niliyoyaongoza mwezi uliotangulia: siku tatu juu ya utunzaji wa chanjo, katika ukumbi wa hoteli, ziwa linaonekana dirishani. Kwenye mtihani wa mwisho alipata 19 kwa 20. Katika picha ya pamoja amesimama karibu yangu, cheti mkononi.

Nikamwuliza, "Mama, hii ya jioni mmeiandika saa ngapi?"

Hakuficha kitu. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo jibu lake liko wazi, akasema: "Mwalimu, mulitufundisha kujaza fishi. Fishi imejaa."

Nimefunza wafanyakazi wa afya hapa Kivu kwa zaidi ya miaka kumi, na hakuna aliyenifunza kazi yangu kuliko mama huyo kwa maneno yale. Nilirudi nyumbani nikafungua faili la mafunzo, nikahesabu. Picha 42 za kuonyesha ukutani, zote kwa Kifaransa. Kati ya hizo, 11 zilihusu namna ya kujaza fishi: safu hii ni ya nini, ile ni ya nini, sahihi inawekwa wapi. Ni moja tu iliyosema ufanye nini ukikuta frigo ina nyuzi 11, nayo ilikuwa ya alasiri ya siku ya tatu, saa ile ambapo watu wanangoja majina yao yaitwe kwa ajili ya perdiem, posho ya washiriki. Alikuwa amesema kweli. Nilifundisha karatasi, nikapata karatasi.

Goma ni mji wa semina. Tangu wakimbizi wa Rwanda walipoingia kwa mamia ya maelfu mwaka 1994, halafu volkano ya Januari 2002, halafu vita moja kuzaa nyingine, mashirika yamejaa hapa, na kila mradi una mstari wa bajeti wa kufunza watu. Ukumbi unakodishwa, bango linatundikwa, kuna mtihani wa kuingia na wa kutoka, kahawa na sambusa saa nne, picha ya pamoja siku ya mwisho. Sina neno baya juu ya perdiem. Wauguzi wengi hawamo kwenye orodha ya mishahara ya serikali, wanaishi kwa kinachobaki kituoni baada ya wagonjwa kulipa, na pesa ile ya siku tatu ndiyo inayorudisha mtoto darasani. Anayeidharau hajawahi kukaa miezi sita bila mshahara. Kinachonisumbua ni kingine: tunamtoa mfanyakazi kwenye kazi yake, tunampeleka mahali ambapo hakuna frigo, hakuna mgonjwa, hakuna mkubwa wake wala kelele ya jenereta, halafu tunamwambia pale ndipo atakapojifunza kazi.

Wiki iliyofuata niliomba ruhusa nikakae kwenye kituo kile siku mbili. Sikwenda kukagua. Nilibeba daftari, nikaketi kwenye benchi ya akina mama wanaosubiri kupima watoto, nikaangalia.

Niliyoyaona hayakuwemo kwenye picha zangu hata moja. Ufunguo wa chumba cha frigo ulikaa kwa muuguzi mkuu, na mkuu akiitwa kwenye mkutano wa zone ya afya, ufunguo nao unaenda mkutanoni. Wauguzi wa zamu ya mchana wanaondoka saa tisa, kwa hiyo saa ya kusoma joto la jioni hakuna muuguzi. Aliyepo ni mlinzi, sentineli kama tunavyosema. Kipimajoto kilining'inia katikati ya frigo, ambapo kweli kilisoma 4 au 5, lakini vichupa vya pentavalenti, chanjo moja inayokinga magonjwa matano, vilikuwa vimesukumwa nyuma kabisa mpaka vikagusa ukuta wa frigo, na ukuta ule ulikuwa umefanya barafu nyeupe. Niliweka kidole. Kichupa kiling'ang'ania.

Hapo nieleze kidogo kwa wasiofanya kazi hii. Chanjo nyingi zinataka kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Sote tunaogopa joto, maana tuko Afrika na umeme unakatika. Lakini pentavalenti, ile ya pepopunda na ile ya homa ya ini aina ya B huuawa na kuganda. Na kichupa kilichoganda kikayeyuka, ukikiangalia hivihivi kinafanana na kizima. Mtoto anachomwa, analia, mama anambembeleza, kadi inaandikwa, wote wanarudi nyumbani wakiamini amekingwa. Hakukingwa. Kosa la namna hiyo halipigi kelele, wala hakuna atakayerudi kulalamika. Ndiyo maana mafunzo ya kazi hii yakikosea, hakuna anayejua, na mkufunzi anaendelea kupongezwa.

Siku ya pili, mchana, mvua ikatufungia ndani. Tukiwa tunakula mahindi ya kuchoma, yule mama akanisimulia habari ambayo ilinikata maneno. Mwaka mmoja nyuma, mwenzake alikuta frigo ina nyuzi 11 Jumatatu asubuhi baada ya umeme kukosekana mwisho wa juma. Akaandika 11, kama alivyofundishwa. Baada ya siku chache akapokea barua kutoka juu, ile tunayoijua sote katika nchi hii: aombwe maelezo, ajibu kwa maandishi ndani ya saa 48. Alijibu. Hakuadhibiwa, lakini wiki mbili hakulala vizuri, na kila mtu kituoni alijua. Tangu siku hiyo, katika kituo kile, frigo haikupata tena kusoma nje ya 4 na 5.

Barua ile ilikuwa mafunzo. Ilikuwa na mfano hai, ilitolewa mahali pa kazi, ilimgusa mtu anayejulikana, na ilirudiwa kila mara habari iliposimuliwa. Ilikuwa na kila kitu ambacho semina yangu haikuwa nacho, na ilifunza jambo moja kwa ufanisi mkubwa: usiandike ukweli. Mimi na picha zangu 42 tulikuwa tunashindana na barua hiyo bila kujua kwamba ipo.

Kuna swali ambalo Robert Mager, Mmarekani aliyeandika sana juu ya ufundishaji kazini, alilisisitiza: je, mtu huyu angeweza kuifanya kazi hii kama uhai wake ungeitegemea? Kama jibu ni ndiyo, basi hakosi ujuzi, na hakuna mafunzo yatakayoponya kinachomzuia. Mama yule alijua kusoma kipimajoto kuliko mimi. Alikosa ufunguo, alikosa mtu wa jioni, na alikosa mkubwa anayeweza kupokea nambari mbaya bila kutafuta wa kumlaumu. Nusu ya mambo tuliyokuwa tunayaitia semina yalikuwa ya aina hiyo. Ufunguo wa pili ulichongwa sokoni Virunga kwa pesa isiyofika gharama ya kahawa ya mapumziko moja.

Ufunguo ulikuwa rahisi. Barua ilichukua miezi. Nilikwenda kwa wakubwa mmoja mmoja, na sikwenda na lawama, kwa sababu hata wao wanaulizwa na walio juu yao. Nilichoomba ni safu moja kwenye fishi, pembeni ya joto: "Umefanya nini?" Na niliomba kwamba kwa miezi mitatu, mtu akiandika nambari iliyo nje ya 2 na 8 na akajaza safu hiyo, msimamizi akija amshukuru kwanza, kabla ya neno lingine lolote. Wawili walikubali. Mmoja alikataa katakata, akasema nidhamu itaharibika, na katika vituo vyake 4 na 5 ziliendelea kuandikwa. Mpaka leo najilaumu kwamba sikujua namna ya kumshawishi.

Halafu ndipo nikarudi kwenye mafunzo yenyewe, safari hii bila ukumbi.

Tulifanya hivi. Asubuhi moja kwa wiki, dakika ishirini, kabla ya wagonjwa kuwa wengi, mbele ya frigo, kwa Kiswahili. Jambo moja tu. Wiki ya kwanza tulichukua akumulateri, vile vibweta bapa vya plastiki tunavyojaza maji, tunagandisha, na kuvipanga ndani ya kisanduku cha kubebea chanjo. Ukivitoa kwenye friza vikiwa vigumu kama jiwe na kuvipanga palepale, vinagandisha chanjo zinazovigusa, kwa sababu barafu iliyotoka sasa hivi iko chini sana ya sifuri. Inabidi uviache mezani mpaka vianze kuyeyuka. Utajuaje kwamba vimefika? Kitabu kinasema: mpaka maji yaanze kusogea ndani. Ukumbini nilikuwa nasoma sentensi hiyo, watu wanaandika, tunapita.

Asubuhi ile nilitoa kibweta kimoja kwenye friza nikampa muuguzi kijana, nikamwambia akitikise karibu na sikio. Kimya. Tukakiweka mezani, tukaendelea na mengine. Baada ya muda akakitikisa tena. Kimya. Nje ya plastiki ilikuwa imefanya ukungu. Mara ya tatu uso wake ulibadilika, akampa mwenzake bila kusema kitu, mwenzake akaweka sikioni, naye akatabasamu. Ndani, maji kidogo yalikuwa yanatembea kati ya barafu na plastiki, sauti ndogo kama mate yanayomezwa. Kila mtu alikisikiliza. Mama mmoja aliyeleta mtoto kuchanjwa aliomba naye, tukampa. "Imetoka jasho," akasema. Neno hilo halikuwemo kwenye kitabu chochote, na tangu siku hiyo hatukutumia lingine. Barafu isiyotoka jasho haiingii kisandukuni. Nimesikia watu wa vituo ambavyo sijawahi kufika wakilisema.

Nataka nikae kidogo hapo kwenye lugha. Tulikuwa tunafundisha kwa Kifaransa kwa sababu miongozo iko kwa Kifaransa na cheti kinaandikwa kwa Kifaransa. Wauguzi wanakijua, wamesomea kwa lugha hiyo. Lakini kazi hawaifanyi kwa Kifaransa. Wanaulizana kwa Kiswahili, "barafu iko tayari?", wanagombana kwa Kiswahili, wanamweleza mama wa mtoto kwa Kiswahili, na usiku umeme ukikatika, wanayofikiria yanakuja kwa Kiswahili. Ujuzi uliokaa katika lugha moja wakati mkono unafanya kazi katika lugha nyingine unafika umechelewa. Na kuna jambo nililoliona ukumbini miaka yote nisilielewe: wale walionyamaza kwa Kifaransa nilidhani hawajui. Mbele ya frigo, kwa Kiswahili, ndio waliokuwa na maswali makali zaidi.

Wiki nyingine tulifanya jaribio la kutikisa. Unachukua kichupa kimoja cha pentavalenti cha shehena ileile, unakigandisha kwa makusudi usiku kucha, unakiyeyusha, unakiandika alama kisije kikatumiwa. Unakishika pamoja na kile unachokitilia shaka, unavitikisa vyote viwili, unaviweka mezani, unasubiri. Kilichoganda kinashusha vumbi lake upesi, juu maji yanabaki safi. Kizima kinakaa na ukungu wake muda mrefu. Tulitumia kile kichupa nilichokiona kimeng'ang'ania ukutani. Kilishuka upesi sawasawa na kile tulichokigandisha. Hakuna aliyesema neno. Muuguzi mkuu alitoka nje, akakaa kwenye ngazi ya mawe ya volkano, na aliporudi aliomba daftari la chanjo la miezi mitatu iliyopita. Sikumwambia afanye hivyo. Walitafuta watoto, wakawapata wengi, si wote.

Mbinu hii si yangu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mafundi wa viwanda vya Marekani waliitwa jeshini, mashine zikabaki na watu ambao hawakuwahi kuzigusa. Serikali yao ilianzisha mwaka 1940 huduma iliyoitwa Training Within Industry, na hadi inafungwa mwaka 1945 ilikuwa imewapa vyeti watu zaidi ya milioni 1.5. Haikujenga vyuo. Iliwachukua wasimamizi waliokuwa tayari karakanani, ikawapa kadi ya mfukoni yenye hatua nne: mwandae mtu, mwonyeshe kazi, mwache aifanye huku akikueleza, kisha rudi umfuatilie. Na iliweka kanuni moja iliyo chungu kwa sisi wakufunzi: kama mfanyakazi hakujifunza, ni kwamba mwalimu hakufundisha. Baada ya vita Wajapani waliichukua, Toyota wakiwemo.

Kati ya hatua hizo nne, ninayoiona ikirukwa kila mahali ni ya mwisho. Kurudi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kumbukumbu na kuchapisha matokeo mwaka 1885: sehemu kubwa ya tunachosahau tunaisahau katika saa na siku za kwanza, na kukirudia kitu kwa nafasi, leo, halafu baada ya siku kadhaa, halafu baadaye zaidi, kunakishikisha kuliko kukikariri chote kwa mkupuo. Semina ya siku tatu mfululizo ni mkupuo. Dakika ishirini mara kumi na mbili ni muda mfupi kuliko siku moja ya ukumbini, ila inakwenda na namna kichwa cha binadamu kinavyoshika.

Wafadhili hawakupenda. Walitaka idadi ya waliofunzwa, na mimi nilikuwa na wauguzi sita pale ambapo zamani ningeandika arobaini. Niliwapa maswali manne ya Donald Kirkpatrick, Mmarekani aliyeandika juu ya kupima mafunzo, ambayo yako hadharani tangu 1959: watu walipenda mafunzo? walijifunza? wanafanya tofauti wakirudi kazini? matokeo ya kazi yamebadilika? Ripoti zetu zote zilikuwa zinajibu la kwanza na la pili, kisha zinafunga. Nilipeleka fishi mbili, ya zamani yenye 4 na 5 na mpya yenye 3, 7, 9, 6 na safu ya "Umefanya nini?" imejaa. Mmoja wao alisema fishi mpya inaonyesha kituo kimeharibika. Ilinichukua nusu saa kumweleza kwamba kituo ndiyo kwanza kimeanza kusema.

Watu wa biashara nao huniuliza. Rafiki yangu mwenye duka la mikate Birere alitaka nimfunzie wauzaji wake namna ya kupokea wateja, maana kila siku kuna ugomvi kaunta. Nilimwomba kwanza nikae asubuhi moja dukani. Nilihesabu magombano saba. Sita yalihusu noti ya dola iliyochanika pembeni au chenji ya faranga iliyokosekana. Wauzaji wake walikuwa na adabu. Walichokosa ni maagizo: noti ipi ipokelewe, ipi ikataliwe, nani aamue, na faranga za chenji za kutosha saa kumi na mbili asubuhi. Waliogopa kukatwa mshahara kwa noti mbovu, kwa hiyo walikataa hata zilizo nzuri. Tulipanga noti mezani, nzima na mbovu, wakazipitisha mkononi moja moja na mwenye duka akaamua mbele yao, kwa sauti, ile naipokea, ile hapana, na kukata mshahara kukafutwa. Saa moja ilitosha.

Ebola ilipokuja Kivu Kaskazini, Agosti 2018, tuliona mafunzo ya kweli kwa macho yetu. Kuvua mavazi ya kinga ndiyo saa ya hatari kuliko zote, na hakuna aliyeruhusiwa kuvua peke yake. Mwenzako anasimama mbele yako, anakusomea hatua moja, unafanya, anakupulizia klorini, anasoma nyingine. Hata daktari wa miaka ishirini anasomewa. Maji ya kunawa mikono: kijiko kimoja cha supu cha HTH, ile klorini kavu, kilichosawazishwa, kwa lita 20, maji ya kusafishia vyombo na sakafu, vijiko kumi. Mtu wa kwanza kuthibitika na ugonjwa Goma mjini alifika Julai 2019, na ukiniuliza kwa nini wafanyakazi wale hawakusahau hatua hizo, nitakwambia ni kwa sababu somo lilirudiwa kila siku, palepale, na mtu aliyekuwa anakutakia uhai.

Kuna kosa langu moja ambalo sijalisema. Miezi yote hiyo ya dakika ishirini, mlinzi alikuwa anafagia uani. Ndiye aliyekuwepo jioni. Ndiye aliyewasha jenereta. Ndiye aliyekuwa peke yake na chanjo za watoto wa mtaa mzima kuanzia saa tisa hadi asubuhi, na sikuwahi kumwita, kwa sababu orodha ya washiriki ilidai diploma na yeye hakuvuka darasa la nne. Ni yule mama aliyeniambia: "Na Papa sentineli?" Tulimwita. Tulibandika utepe wa kijani kwenye kipimajoto kutoka 2 hadi 8, mwekundu juu, wa bluu chini. Alisikiliza barafu kama wengine. Akauliza swali ambalo hakuna muuguzi aliyeliuliza: umeme ukikatika usiku, afungue frigo aangalie, au aiache imefungwa? Aiache imefungwa, nikamwambia, kila ukifungua unatoa baridi. Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa anaifungua kila saa, tangu ufunguo wa pili uchongwe, kwa kuwajibika.

Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia mjini. Sitasimulia siku zile hapa. Umeme ulikatika, maji yakakatika, intaneti ikapotea, na barabara haikupitika. Nilifika kwenye kituo kile katikati ya Februari. Ukuta wa uani ulikuwa na matundu. Mama yule alikuwepo, amekonda, anapima watoto. Tulishikana mikono muda mrefu bila kusema kitu. Halafu akanipeleka chumba cha frigo, akatoa vichupa, akaviweka kiganjani mwake nikaviangalia alama: mraba mdogo ndani ya duara, na mraba bado ulikuwa mweupe kuliko duara. Alama ile inashuhudia joto tu. Kuganda haikuonyeshi. Kwa hilo nilisoma fishi, ile ile, plasta ileile ya hospitali.

Jumapili 26, asubuhi: 5. Jioni: 6. Umefanya nini? "Umeme hakuna. Sikufungua." Huo ni mwandiko wa mlinzi, herufi kubwa, zimekandamizwa.

Jumatatu 27, asubuhi: hakuna nambari. "Hatukuweza kutoka chini ya meza." Jioni: hakuna nambari.

Jumanne 28, asubuhi: 9. Mwandiko wa mama. "Nimehamisha zote kwenye kasha la baridi. Akumulateri kumi na mbili. Moja moja sikioni. Zote zimetoka jasho."